Buti Jipya, Soli Kuukuu

Jumatano, 10 Mei 2023. Moshi

Mvua imeshika tangu Jumapili na mlima hatujauona siku nne. Masika hii hakuna wageni, na mwongozaji asiye na mgeni hukaa akikagua vifaa vyake. Nimevitandaza vyote kitandani: koti la baridi, glovu, taa ya kichwani, fimbo mbili. Hivi vitafika Desemba bila shida. Buti ndilo halifiki. Meno ya soli yameisha mbele, na ngozi ya kisigino kwa ndani imetoboka hadi sifongo linaonekana.

Buti hili aliniachia mgeni pale geti la Mweka mwaka 2018. Lilikuwa dogo kwangu kwa namba moja, nikalipokea kwa mikono miwili, maana siku zile nilikuwa bado mgumu, nabeba mizigo na raba iliyopasuka ubavuni. Miaka mitano nimelivaa hivyo hivyo. Gharama yake imo miguuni: kucha ya kidole gumba cha kulia imeng'oka mara tatu, na ya kushoto haijawahi kurudi rangi yake. Watu wa kazi hii tunajua kinachoziua kucha, nacho ni kushuka. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, hadi geti la Mweka, mita 1,640 hivi, unateremka zaidi ya mita 4,200 kwa siku moja na nusu, na kila hatua vidole vinagonga mbele ya kiatu. Kiatu kilichopungua milimita tano huwezi kukigundua ukiwa unapanda msituni Machame. Utakijua Mweka.

Nimeamua. Mwaka huu nanunua jipya, la dukani, lenye boksi na kadi ya dhamana. Mke wangu ameuliza mara moja tu: "Laki tatu, baba, kwa viatu?" Nikamwonyesha kidole. Hakuuliza tena.

Jumamosi, 13 Mei

Nimepima miguu leo saa kumi na mbili jioni, baada ya kuzunguka mjini siku nzima, kwa sababu mguu wa jioni ni mkubwa kuliko wa asubuhi. Karatasi sakafuni, kisigino ukutani, soksi nene ya mlimani mguuni, na mwanangu akachora alama kwenye ncha ya kidole kirefu. Kushoto sentimita 26.3, kulia 26.7. Kisha nikavaa begi la kilo 15 mgongoni, tukapima upya. Kulia ikasoma 27.1.

Nimekaa muda naitazama hiyo alama ya pili. Upinde wa unyayo ukibebeshwa hulala, na mguu unarefuka na kutanuka. Miaka tisa nimebeba mizigo ya wageni, mingine ilipita kilo 20 zinazoruhusiwa kabla ya mizani za getini kukaza, na siku zote nilichagua viatu nikiwa mikono mitupu.

Namba nazo si za kuziamini peke yake. Za Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7, za Uingereza kwa theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5. Na zote zinahesabu kalibu, lile umbo la mguu ambalo kiwandani kiatu hujengwa juu yake, si mguu wako. Kila kiwanda kina kalibu zake. Ndiyo maana ipo 43 inayonibana na 42 inayonipwaya. Nitaingia dukani na sentimita zangu kwenye karatasi. Namba atafute muuzaji.

Jumanne, 16 Mei

Nilipita soko la Memorial asubuhi, mvua ikiwa imepumzika. Sikwenda kununua, nilikwenda kushika. Pale utayakuta mabuti ya kila nchi juu ya turubai moja, yameoshwa na kupigwa kiwi mpaka la miaka kumi linang'aa kuliko la mwaka jana. Lipo moja la ngozi nzima, limeshonwa soli kwa uzi pembeni, elfu sabini na tano, mguu wangu ukaingia kama limenisubiri mimi.

Kijana aliyekuwa anauza alinifundisha jambo kwa moyo mmoja, ingawa lingeweza kumkosesha biashara. "Kaka, usiangalie juu. Juu tunapaka sisi. Bonyeza hapa." Akaniwekea kidole gumba kwenye ile tabaka ya kati, iliyolala baina ya ngozi na soli ya chini. Kwenye buti la kwanza kidole kilisukumwa kurudi. Kwenye la pili kilizama, na pakabaki shimo. "Hili likipanda mlima halirudi na soli. Hata kwa elfu kumi usichukue."

Sababu yake niliwahi kuisikia mlimani, Shira, miaka mitatu iliyopita, kwa mgeni aliyekuwa mkemia. Tabaka ile mara nyingi ni poliyurethani, laini na nyepesi, inapokea uzito vizuri sana. Lakini mvuke wa maji ulioko hewani huivunja taratibu kutoka ndani, na joto huharakisha. Haijalishi kiatu kimevaliwa au la. Kikikaa stoo yenye unyevu, ndani ya boksi, kinazeeka kimya kimya. Ukikitoa kinaonekana kipya, na siku ukikivaa kinamomonyoka. Mkemia alisema buti linalovaliwa mara kwa mara mara nyingi huishi kuliko linalotunzwa kabatini. Nilidhani wakati ule anazungumzia vitu vya kwao, vya watu wenye viatu vya kuweka.

Sikulichukua lile la elfu sabini na tano. Tabaka ilikuwa nzima, lakini sikuweza kujua ilikaa miaka mingapi kwenye maghala na ndani ya kontena bandarini. Nataka kiatu ambacho umri wake naujua.

Ijumaa, 26 Mei

Nimenunua. Naandika yote kama yalivyokuwa.

Niliingia saa kumi na moja jioni. Nilimwambia muuzaji, kabla sijagusa kiatu, kazi yangu ni nini: nawapandisha wageni Kilimanjaro, safari mbili hadi tatu kwa mwezi msimu ukichanganya, matope chini, mawe na changarawe juu, baridi ya kuganda usiku wa kileleni. Akasema, "Basi kaka, nina cha kazi hiyo hasa." Akaleta mabuti matatu. La kwanza lilibana pembeni, kwenye mfupa wa kidole kidogo; nikalirudisha palepale, maana kiatu kinachobana dukani hakilainiki mlimani, mguu ndio unaoumia kwanza. La pili kisigino kilipanda na kushuka nikitembea, na hapo ndipo malengelenge yanapozaliwa. La tatu likakaa.

Sikuridhika na kukaa. Nilivaa soksi zangu za mlimani. Nilisukuma mguu mbele kabla ya kufunga kamba, na nyuma ya kisigino kikaingia kidole kimoja cha mkono. Nilimwomba muuzaji anipe kitu kizito, akaazima mfuko wa mchele wa kilo 10 duka la jirani, nikaubeba mgongoni. Mlango wa nyuma wa duka una ubao mteremko wa kupandishia mizigo. Nikaushuka mara sita, nikikanyaga kwa nguvu. Vidole havikugusa mbele. Upana wa kidole gumba ulibaki mbele ya kidole kirefu, mguu wa kulia, ule mkubwa. Wateja wengine walikuwa wanatazama na sikuona haya. Mguu ndio mtaji wangu.

Bei laki tatu na ishirini, tumefika laki mbili na tisini. Akanipa kadi ya dhamana: mwaka mmoja. Niliuliza inafunika nini. "Kila kitu, kaka." Nikaisoma mwenyewe, Kiingereza cha herufi ndogo. Inafunika kasoro za kiwandani. Haifuniki uchakavu wa kawaida, matumizi mabaya, wala madhara ya maji na joto. Nikauliza: soli ikibanduka je? "Hiyo ni kasoro ya kiwandani, tunabadilisha." Sikumwomba aandike maneno hayo.

Nililipa kwa simu, lipa namba. Risiti ya EFD nimepewa. Mke wangu ameipiga picha kama anavyofanya kwa risiti zote za genge lake, maana karatasi ile ikikaa kwenye joto au jasho maandishi hufutika.

Jumapili, 28 Mei

Baada ya ibada nimelivaa hadi msitu wa Rau na kurudi. Hakuna pa kuchubua. Kamba naifunga kwa sehemu mbili: chini imelegea kidogo, pale mguu unapokunjika naizungusha mara mbili ikaze, juu nalegeza kwa kupanda. Kwa kushuka nitaikaza juu pia, kisigino kibaki nyuma.

Alhamisi, 15 Juni

Nimerudi jana, siku saba za Machame. Wageni wanne, wote wamefika Uhuru. Buti limefanya kazi yake. Matope ya siku ya kwanza hayakuingia. Kwenye ukuta wa Barranco soli ilishika jiwe lenye umande nikiwa nimempa mgeni mkono. Usiku wa kileleni vidole vilipata baridi ila havikufa ganzi. Na jana, ngazi zote zile za msitu wa Mweka, nimefika getini nikavua soksi kwa hofu. Kucha zote ziko sawa. Ni mara ya kwanza tangu nianze kazi hii.

Nimelisafisha kwa maji na brashi, nimetoa soli ya ndani, nimejaza magazeti. Kivulini, mbali na jiko. Wapo wenzangu wanaokausha viatu kwenye moto halafu wanailaumu gundi, na hapo gundi haina kosa.

Jumamosi, 22 Julai. Kambi ya Mweka

Naandika ndani ya hema, mkono bado unatetemeka kwa uchovu. Safari ya nne.

Tulitoka kambi ya Barafu saa sita usiku. Saa kumi na mbili na robo tuko Stella Point, kumepambazuka, wageni wawili wanaendelea na kiongozi mkuu. Wa tatu, mama wa miaka hamsini na kitu, alikuwa anatapika na hatua zake zinapinda. Huo ni ugonjwa wa mwinuko, na dawa yake ya kwanza ni kushuka, sasa hivi. Nikamshika mkono chini ya kwapa, tukaanza changarawe.

Kama nusu saa chini ya Stella nilihisi mguu wa kushoto unateleza ndani ya kitu kingine. Nikatazama. Soli ilikuwa imefunguka kutoka kisiginoni hadi katikati, imening'inia. Kwenye changarawe nyuma yangu kulikuwa na vipande vya kijivu vimetawanyika kama makombo ya mkate uliokauka. Ile tabaka ya kati. Nilipoishika iliganda kwenye glovu kama vumbi lenye mafuta.

Nilimkalisha mama kwenye jiwe, nikafunga soli kwa kamba ya hema, mizunguko mitatu. Ilishika dakika kumi. Nikafunga tena. Mara ya tatu ilitoka yote, nikabaki nimesimama juu ya ubao mwembamba wa ndani, laini kama kigae cha sabuni, na mtu mzima anayeyumba begani mwangu. Tuliteleza mara mbili. Mara ya pili alianguka juu yangu, si juu ya mawe, na hilo namshukuru Mungu.

Mgumu mmoja alikuwa ametumwa kutoka Barafu na chai. Aliponiona alivua raba zake bila kuulizwa, akabaki na makubazi aliyoyabeba mfukoni. Kwa raba zile nimemfikisha mama kambini, na jioni hii hapa Mweka anakula supu na anacheka na wenzake. Hajui chochote kuhusu soli. Mimi nimeibeba kwenye mfuko wa plastiki, na makombo niliyoweza kuyaokota.

Jumatatu, 24 Julai

Dukani. Yule muuzaji hayupo, ameacha kazi. Meneja alilitazama buti bila kulishika.

Kwanza: risiti? Karatasi yangu kwenye pochi imekuwa nyeupe kabisa, jasho la safari nne limeifuta. Nikamwonyesha picha ya mke wangu, na namba ya uhakiki inasomeka. Nikamwonyesha na ujumbe wa malipo, tarehe 26 Mei, jina la duka. Hapo alikubali kwamba nilinunua.

Pili: "Hii ni matumizi mabaya. Umepanda nacho mlima mara nne kwa miezi miwili." Nikamwambia boksi lenyewe lina picha ya mlima. Akasema picha ni mapambo.

Tatu: kadi haifuniki maji. Nne: akanyoosha kidole ukutani, bango jekundu: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Mwishoni akasema kwa upole, na naamini alidhani ananisaidia, "Kaka, lete tulipige gundi, bure kabisa."

Gundi uibandike kwenye nini? Kilichokufa ni tabaka yenyewe. Ukibandika soli kwenye unga utapata unga. Nimelichukua buti langu nikaondoka, sikupandisha sauti.

Jumanne, 25 Julai

Usingizi umekataa. Saa nane usiku nimeliweka buti chini ya taa, la kulia, ambalo bado zima. Nimebonyeza tabaka kwa kidole gumba, kama kijana wa Memorial alivyonifundisha. Kikazama. Shimo likabaki.

Siku ile dukani nilipima urefu, upana, kisigino, mteremko na mzigo. Sikubonyeza. Lilikuwa jipya, linanukia kiwandani, na mkono wangu haukuona sababu.

Kisha nikaukunjua ulimi wa kiatu hadi mwisho. Ndani, chini ya kamba, kuna kitambaa kidogo cheupe kilichoshonwa: namba ya kalibu, nchi, na tarehe 09/17. Septemba 2017. Nilipolilipia laki mbili na tisini, Mei mwaka huu, buti lilikuwa limeshatimiza miaka mitano na miezi minane ndani ya boksi. Sijui lilipita wapi, lakini najua joto la maghala ya nchi hii na unyevu wa bandari zetu. Dhamana ilihesabiwa kuanzia siku niliyolipa. Soli ilihesabu kuanzia siku ilipomiminwa.

Nimepiga picha kitambaa, tabaka, makombo, kadi na boksi.

Jumapili, 30 Julai

Shemeji yangu ni karani wa mahakama. Baada ya chakula nilimwekea picha zote mezani. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza: "Ulimwambia muuzaji unakitaka kwa kazi gani kabla hujalipa, au baada?" Kabla, nikasema. Neno la kwanza kutoka kinywani mwangu.

"Basi una kesi, shemeji."

Akanieleza Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo chimbuko lake ni sheria ya Waingereza ya 1893. Mnunuzi akimjulisha muuzaji matumizi anayokusudia, akategemea ujuzi wa muuzaji kumchagulia, na kitu hicho kikawa ni cha biashara ya muuzaji huyo, basi kuna sharti lililomo ndani ya mauzo hata kama halikuandikwa: kitu kifae kwa matumizi hayo. Kadi inaweza kukuongezea haki. Kimya chake hakiondoi sharti hilo. Kisha akanitajia mlango mmoja wa kutokea ambao wauzaji wanaujua na wanunuzi hatuujui: ukiingia dukani ukaomba kiatu kwa jina la kampuni yake tu, nipe ile fulani, ulinzi huo wa matumizi unaweza kukuponyoka, kwa sababu umechagua mwenyewe. Nimemwomba arudie mara mbili. Wangapi tunaingia dukani tukitaja jina lililo kwenye kiatu cha mgeni!

Na bango jekundu? Akasema bango halimlindi aliyeuza kitu kibovu. Malalamiko ya mlaji yanapokelewa na Tume ya Ushindani, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. "Lakini anza na barua. Watu wengi wanaanza na ugomvi, halafu hawana karatasi."

Alhamisi, 3 Agosti

Barua imepelekwa, nakala mbili, moja imegongwa muhuri wa kupokelewa. Ukurasa mmoja tu. Tarehe ya kununua na kiasi. Nilichomwambia muuzaji. Tarehe ya kutengenezwa kama ilivyoshonwa kwenye ulimi. Tarehe na mahali soli ilipotoka. Siombi gundi, naomba fedha yangu au buti lililotengenezwa mwaka huu au uliopita. Siku kumi na nne. La sivyo napeleka faili Tume ya Ushindani. Nimeambatanisha picha saba.

Nimeandika pia, ingawa shemeji alisema si lazima, kwamba siku ile nilikuwa nimemshika mgonjwa.

Jumatatu naingia mlimani tena. Buti nimeazima kwa shirika la KPAP, hapa mjini, wanaowaazima wapagazi nguo na viatu bila malipo. Walinikubalia kwa sababu natoka kwa wagumu na wananijua. Namba kubwa kidogo, nimeongeza soksi.

Jumatano, 16 Agosti

Wameita. Safari hii alikuwepo mwenye duka mwenyewe, mzee wa makamo, akanikaribisha kiti. Buti la kulia alilibonyeza kwa kidole chake, mbele yangu, akakaa kimya. Akasema mzigo ule aliununua kwa jumla kutoka kwa mtu aliyefunga duka, na hakujua habari ya tarehe. Namsadiki. Lakini nilimwambia, "Mzee, wewe hukujua ukiwa kwenye kiti. Mimi nimejulishwa nikiwa chini ya Stella Point." Akainamisha kichwa.

Hakurudisha yote. Laki moja na themanini, taslimu, na buti nibaki nalo. Shemeji angetaka niendelee. Nimehesabu: nauli, siku za kushinda ofisini badala ya mlimani, na Agosti ndiyo mwezi wa kula. Nimekubali, nimesaini. Ni pungufu ya haki yangu kwa laki na kumi, na nimeliandika hivyo kwenye nakala yangu.

Nilimwomba jambo moja la ziada: mabuti mengine ya mzigo ule yaliyobaki rafuni ayatoe. Tumeyapekua pamoja. Yalikuwa tisa. Yote 09/17. Sita yalizama kidole. Ameyatoa.

Jumamosi, 26 Agosti

Kwa fundi viatu, karibu na stendi. Shikamoo, marahaba, akalipokea buti akaligeuza kama daktari anavyomgeuza mtoto. Ngozi ya juu akaisifu: nene, haijapasuka, mishono ya juu ni miwili. "Hili juu lina miaka kumi, mwanangu. Chini ndiyo waliweka andazi."

Amekwangua tabaka yote ya zamani hadi kwenye ubao wa ndani, pande zote mbili. Ameweka tabaka mpya ya mpira mgumu, na soli ya chini yenye meno marefu aliyoitoa kwenye buti la mtumba lililopasuka ngozi. Gundi kwanza, limekaa chini ya mawe usiku kucha. Leo msharasi, uzi wa nailoni uliopakwa nta, kushona kuzunguka soli nzima, tundu kwa tundu. Nilikaa kwenye kibao chake saa mbili nikimtazama akivuta uzi kwa ngozi aliyoizungusha kiganjani. Kila tundu kumi anasimama, anavuta pande zote mbili, anasikiliza.

Nilimuuliza dhamana yake ni ya muda gani. Akasema, "Niko hapa kila siku isipokuwa Ijumaa mchana." Elfu arobaini na tano.

Buti limekuwa zito kuliko lilivyokuwa, na soli haikunji kirahisi. Nimelishusha kwenye mteremko wa daraja mara kadhaa nikiwa na begi. Vidole havigusi.

Jumapili, 10 Septemba

Tumetoka Mweka jana. Niliwaweka wagumu wote kumi na wanne pembeni ya geti kabla ya kugawana bakshishi, nikawaonyesha pa kutazama: tarehe ndani ya ulimi, kidole gumba kwenye tabaka, na neno la kwanza la kumwambia muuzaji. Wanne walikunjua ndimi za viatu vyao palepale. Yule aliyenipa raba zake Julai nimempa elfu sitini kutoka kwenye ile laki na themanini. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea.

Uzi wa fundi mzima pande zote. Soli haijafunguka popote. Kucha kumi.